Safu ya Kuni

Nimekabidhiwa ufunguo wa kabati na madaftari kumi na moja.
Moja linanuka mafuta ya taa mpaka leo.
Nazibrola, mhasibu aliyenitangulia,
miaka thelathini na minane kwenye kiti hiki kinachoyumba,
hakuniachia maelezo. Alisema tu,
"Anza na kuni. Kuni hazijui kusema uongo."

Basi nikaanza na kuni.

Sabini na nane: mikokoteni arobaini, msonobari mkavu.
Watoto mia moja na kumi na wawili.
Chaki, masanduku sita. Rangi ya madirisha.
Kitambaa chekundu, mita thelathini, kwa gwaride la Mei,
na kengele ya shaba kutoka Kutaisi, rubli kumi na nne,
risiti yake imebandikwa kwa uji wa unga.
Mwandiko enzi hizo ulikuwa umenyooka,
kila tarakimu imekaa kitako
kama mwanafunzi siku ya mkaguzi.

Kisha ukurasa mmoja umekatwa kwa wembe.
Sijui kilinunuliwa nini. Sijauliza.

Tisini na tatu. Rubli zimekufa,
kuponi zimezaliwa zikiwa wagonjwa.
Bei ya chaki Jumatatu si bei ya chaki Ijumaa;
sifuri zinajipanga, zinasukumana,
zinavuka mstari na kuingia safu ya jirani.
Hapo Nazibrola akaacha kuandika fedha.
Akaandika:
Mwalimu wa hesabu, Tarieli: viazi, magunia mawili.
Mwalimu wa jiografia: jibini, na deni.
Mishumaa: imeletwa na watoto.
Kuni: kila mtoto gogo moja, asubuhi, kwapani.
Na pembeni, kwa penseli hafifu:
"Leo Lamara kaja na mguu wa kiti."

Nimeurudia mstari huo mara tatu.
Lamara ndiye mwalimu wetu mkuu sasa.

Ikaja miaka ya lari, na barua zenye mihuri.
Kioo. Kioo. Kioo tena. Paa la bati.
Choo cha ndani, hatimaye,
na bomba lililoganda majira yaleyale ya baridi.
Kompyuta nne;
mwaka uliofuata, fundi wa kompyuta nne;
mwaka wa tatu, kufuli la chumba cha kompyuta nne.
Chaki ikapungua, ikapungua, ikaisha
pasipo mtu kuiandikia rambirambi,
pahala pake pakashikwa na kalamu za ubao mweupe
zinazokauka kabla mwezi haujaandama.

Lakini ipo safu inayokwenda kinyume na nyingine zote.
Mia moja na kumi na wawili. Themanini. Arobaini na mmoja.
Kumi na tisa.
Mwaka huu, saba.
Wengine wameshuka Tbilisi, mama zao wako Italia
wakiwaogesha vikongwe wasio wao.
Haba na haba hujaza kibaba;
hakuna aliyetuambia kuwa haba na haba hukimaliza pia.

Wizara imeniandikia: gharama kwa kila mwanafunzi,
mbona imepanda hivi?
Nimeketi na kalamu tangu saa nne.
Niwaambie kuta haziwezi kuhesabu watoto?
Kwamba baridi haigawanywi kwa idadi ya vichwa?
Kwamba Jumberi huwasha gari gizani, kilomita kumi na moja,
kwa ajili ya Elguja peke yake,
naye Elguja hulala njia nzima,
na lita za dizeli nimeziandika chini ya "Elimu"
kwa kuwa sikupata pengine pa kuziandika?

Jana nilimpelekea Lamara makadirio ya mwaka ujao.
Alisaini ukurasa wa kwanza bila kusoma, wa pili bila kusoma.
Wa tatu akasimamisha kalamu.
"Kuni lori ngapi?"
"Sita. Tena zinabaki."
Alitazama jiko la chuma kwa muda mrefu,
akatazama kiti nilichokalia.

"Andika saba," akasema.