Siyo Hiki

Gereji ya Kilua, Barabara ya Kumi na Nane.
Bampa liko chini; nyuma yake
kihisio, kidogo kama kete ya bao.
"Hiki husikia ajali kabla yako," ananiambia.

Tangu Yokohama hakijasema neno.
Mashimo ya Pongwe, matuta ya Segera,
mbuzi yule wa Mkanyageni:
kilipima kila kishindo, kikanyamaza.
Bado. Siyo hiki.

Kumbe waya umekatwa.
Aliyeniuzia gari aliiziba taa ya dashibodi
kwa utepe mweusi.
Miaka miwili nampeleka Mwanakheri shule,
tunalindwa na askari aliyekatwa ulimi.

Kilua anaunga, anabandua utepe, anafungua swichi.
Taa nyekundu inawaka. Inafikiri.
Inazimika.

Nalipa elfu thelathini,
nikikiombea kife bubu.