Mshono wa Nyuma

Mwezi wangu ulikuwa Julai.
Isongole, baridi ikishuka kutoka Uporoto,
kila mtu huvuta kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi,
hata mwenyekiti wa kijiji, hata mchungaji,
nami nikawa mtu kama watu.

Agosti ukungu ukainuka, kofia zikavuliwa.
"Dishi!" wakaita kutoka ng'ambo ya mto,
"leo unashika stesheni gani?"
Nikajifunza kucheka kabla yao.
Ukicheka wa kwanza mzaha unakuwa wako,
ingawa hauliki wala hauuziki.

Mwalimu Mwaisumo, siku ya methali,
aliandika ubaoni: Sikio halipiti kichwa.
Akageuka, akanitazama, akapangusa chaki mikononi.
"Isipokuwa la Asajile."
Madawati yakalia kwa vicheko.
Mengine yote ya darasa la tano nimeyasahau.

Nilipokuwa mchanga mama alinifunga kanga usiku,
akikaza fundo chini ya kidevu kama anafunga kuni.
Asubuhi masikio yalirudi mahali pake,
yana joto, yamenuna.

Viazi vya misimu mitatu, magunia arobaini na mawili
(lumbesa nilizopunjwa Kiwira sizihesabu),
vilinifikisha Mbeya, kwenye kitanda chembamba
chini ya taa yenye macho saba.
Daktari Mbwilo alinichora kwa kalamu ya zambarau.
"Ni ganzi tu. Utasikia, ila hutaumia."

Nilisikia.
Hakuna aliyeniambia kwamba sikio
husikia likikatwa:
mkasi kwenye gegedu, krch, krch,
mtu anakata kabichi chumba cha pili
na kabichi ni wewe.
Kisha uzi. Uzi una sauti ndogo sana.
Nesi aliuliza bei ya mbolea huko kwetu, nikamtajia.

Bendeji siku saba. Siku ya nane, kioo.
Nikamwona kijana fulani, hana kasoro, hana habari.
Nikageuza shingo, akageuza.
Kinyozi wa Mwanjelwa alipitisha mashine moja kwa moja,
kidole chake hakikukunja kitu.

Nyumbani, bibi Syabumi yuko jikoni.
Macho yake yalizimika nikiwa kidato cha kwanza;
tangu hapo hutusoma kwa mikono, wajukuu tisa:
Lusekelo kwa kovu la kidevu, pacha kwa pua,
mimi, unajua.

"Ugonile, bibi." Sauti ilikuwa na mafua ya safari.
Mikono ikapanda mashavuni, ikafika, ikakosa.
Ikarudi chini, ikapanda tena,
kama mtu anayetafuta kitasa gizani
kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe.
"Wewe ni wa nani?"

Sikujibu. Moshi ulikuwa mwingi.

Ndipo dole gumba, la fundi cherehani wa miaka thelathini,
likapita nyuma ya sikio, likagusa mstari,
likaufuata polepole juu mpaka chini,
likavuka upande wa pili, likalinganisha.
"Asajile," akasema. "Kumbe wamekupunguza."
Akaufuata tena.
"Ameshona vizuri. Mishono ya karibukaribu. Amekutoza ngapi?"

Nikamtajia.

Akachochea kuni, akanyamaza mpaka maji yakaanza kuimba.
"Kwa bei hiyo," akasema,
"angekuwekea na mfuko."