Chumba cha Mipira

Barua ya kwanza alinisomea Mugisho mwenyewe,
amesimama mlangoni, begi bado mgongoni:
"Wanasema ninaendelea vizuri, baba."
Nikaikunja, nikaiweka chini ya kopo la chumvi.
Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu
nikaanza kujiuliza: ni shule gani hii
inayomsifu mtoto kila Ijumaa?

Mimi hapa Hull naunda nyumba za magurudumu,
zile wazungu wanazokokota kwenda likizo.
Zamu ya usiku. Naondoka saa nne,
viatu mkononi, nateremka ngazi kama mwizi
nisimwamshe mtoto.
Narudi alfajiri, ukungu wa mto umemeza
hata vibanda vya simu, vyeupe kama mtindi,
ambavyo sijamwona mtu akipigia simu.

Ya nne haikuwa barua. Ilikuwa simu,
na ndani yake sauti mbili:
ya mwanamke wa shuleni, na ya mkalimani,
mtu wa Tanga, Kiswahili chake kimepigwa pasi,
changu cha Bukavu kina makunyanzi.
"Bwana Cirhuza, mnasihi wa shule anakuomba uje.
Na safari hii mtoto asikutafsirie."

Mnasihi. Neno likanikaa kooni.
Kwetu mtu wa nasaha ni mtu wa maneno.
Nikavaa koti la kanisani, nikaenda na masikio mawili,
tayari kuambiwa nilivyoshindwa.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya michezo.
Kinanuka mpira hata leo,
na wavu umesahauliwa juu ya kabati.
Bi Thackray ana shule tatu; hapa ni Jumanne na Alhamisi.
Akanimiminia chai, maziwa mengi mno,
akauliza swali moja,
akanyamaza.

Nikangoja nasaha. Haikuja.
Nikatazama saa. Nikatazama wavu.
Kwenye simu mtu wa Tanga naye kimya, nasikia pumzi tu.
Nilikuja na masikio, kumbe alitaka mdomo.

Nikasema mambo ya kiwanda. Nikasema ya baridi.
Kisha, sijui kwa nini, nikasema ya mdogo wangu Balola,
aliyetoka usiku kufunga mbuzi,
mlango ukabaki wazi hadi kukacha.
Mugisho alikuwa na miaka minne.
Tulidhani amelala.

Mtu wa Tanga alichukua muda kutafsiri.

Ndipo Bi Thackray akaniambia, polepole,
kama mtu aliyebeba uji wa moto,
kwa nini mwanangu analalia daftari la hesabu:
usiku halali. Anakaa ngazi ya tatu kutoka juu,
anasikiliza mlango, mpaka ufunguo wangu ugeuke.
Miezi saba.
Na mimi na viatu vyangu mkononi,
nikijiona baba mwenye huruma!

Hakunipa dawa. Aliniuliza tu:
"Ukiondoka, ungependa ajue nini?"

Sasa, saa nne kasoro robo, navalia viatu kitandani pake,
viatu vya pua za chuma, kwa kelele zake zote.
Namtikisa bega. "Naenda kazini. Nitarudi saa kumi na mbili."
Hunung'unika, hugeukia ukuta.
Si kila usiku. Juzi nilimkuta tena ngazini,
blanketi kichwani. Akasema alikuwa na kiu.
Sikubishana. Tulikunywa maji wote wawili.

Barua ya Ijumaa hii imekuja kwa Kiswahili,
kile kile cha kupigwa pasi.
Mugisho akanyoosha mkono anisomee.
Nikamwambia kaa, leo msomaji ni mimi.
Inasema hakumaliza hesabu,
na kwamba alimrushia mwenzake kifutio,
akacheka.
Nikacheka na mimi, hadi mama yake akatoka jikoni
na mwiko mkononi, akiuliza kuna nini.