Vyuma Saba

Tulishuka Kavumu watu watano na valizi nne,
na ule mfuko mrefu wa ngozi
ambao askari wa uwanja aliufungua mara mbili
akitafuta bunduki.
"Ni vyuma vya gofu," Papa akasema.
"Vya nini?"
"Vya kupiga mupira mudogo."
Akamtolea mmoja, mweupe kama yai la njiwa.
Askari akaunusa, akaurudisha, akacheka.

Mama hakucheka. Alikuwa amepiga hesabu ya kilo:
kwa uzito wa vile vyuma
dada zake wote wa Kadutu wangevaa vitenge vipya.

Miaka kumi na mmoja Papa alibeba mifuko ya wengine
kule Lubumbashi, juu ya nyasi zilizonyweshwa asubuhi na jioni
huku bomba letu la Katuba likikohoa hewa.
Aliujua upepo kuliko wenye mipira.
Aliambiwa nyamaza. Aliambiwa katafute.
Mmoja wao alipohama akamwachia vyuma saba,
viwili vimepinda,
naye akawa anavifuta kila Jumapili, kimoja kimoja,
kama mtu anayeogesha watoto wa ndugu.

Bukavu, basi. Konji yetu ya kwanza.
Rasi zimejinyoosha ziwani
mfano wa vidole vinavyopima joto la maji ya kuoga.
"Muangalie, batoto," Mama akasema,
"haya ndiyo maji niliyoyaacha nikafuata mutu wa shaba."
Akatuonyesha: pale nilisoma. Pale niliibiwa kiatu kimoja,
kimoja tu, mpaka leo sijui cha nini.
Pale, kwenye mawe, tulimgojea kaka Murhula siku mbili.

Na Papa, kidole chake kikivuka kidole cha Mama:
pale shimo la nne. Pale upinde kushoto,
uogope paa la kanisa.
Pale kwenye mawe — akanyamaza.
Pale hapana, akasema. Pale tupapite tu.

Kwenye masua ya kwenda Idjwi
Ngosa alitapika, Kapya akaimba ili asitapike,
na mimi nikahesabu visiwa, vikanichanganya,
kwa kuwa kila kimoja kilijificha nyuma ya mwenzake
na kutokea tena na sura nyingine.

Juu ya kilima tukakuta majani mafupi.
"Mbuzi," Papa akasema kwa heshima,
"mbuzi wanakata kushinda mashine."
Watoto wakatuzunguka.
Mmoja, Cishugi, mwenye fimbo na koti la baba yake,
akataka kubeba mfuko.
Papa akakataa. Akauvaa mwenyewe begani,
mkanda ukaingia palepale, kwenye lile bonde
ambalo sisi tulidhani alizaliwa nalo.
Kisha akachagua chuma, akampa Mama.

Mama akavua viatu.
Akakunja kitenge juu ya magoti
kama anayetaka kuvuka mto,
akakosa mara tatu, akalitukana jani kwa Kishi,
na ya nne
ikalia.

Papa aliweka kiganja juu ya macho, shingo mbele,
akaufuata mpira mpaka maji yalipoumeza
mbali, bila kishindo.
"Umepiga vizuri, madamu," akasema.
Neno lilimtoka lenyewe.
Mama akageuka.
"Madamu ni nani?"
Akamvua mfuko begani,
akaulaza kwenye majani, akaukalia.
Hatukuondoka mpaka jua lilipoingia mawinguni
na Cishugi alipokuja kuwaita mbuzi wake.

Siku ya kurudi, Kavumu, askari yuleyule.
Alifungua mfuko: mananasi manne ya Idjwi,
sambaza wakavu ndani ya gazeti, mipira miwili,
vyuma sita.
Cha saba, kile kilichopinda zaidi,
kiko kilimani kinachunga.
Askari akanusa. Hakuuliza.
Akachukua sambaza mmoja, akatupungia tupite.