Akidi

Wanachama arobaini na mmoja, yasema katiba yetu,
na akidi ni ishirini na moja.
Bishkek, saa nne asubuhi, ghorofa ya pili juu ya duka la dawa,
nimehesabu vichwa mara tatu: ishirini.
Wafuga nyuki wa Talas wameleta asali
na ada ya mwaka juzi.
Wajane wa mgodini wamelizunguka jiko.
Vijana wa Osh, waliosafiri usiku kucha,
wanasinzia wima kama farasi.

Mimi ni mwandika kumbukumbu tu.
Mwenyekiti Sagynbek anaitazama saa kama mtu anayedaiwa.
Muswada wa maji ya vijijini uko mezani,
kifungu cha tisa kimepigiwa mstari kwa wino wa rangi tatu,
na kamati ya bunge inafunga mlango wa maoni
kesho adhuhuri.

Wafadhili huniuliza: mtandao wenu hufanyaje kazi?
Nami huwachorea duara, na mishale.
Sijawahi kuwachorea hili:
watu ishirini kwenye chai ya nne
wakimngoja mwanamke mmoja aliyekwama kwenye njia ya Dolon,
theluji ikiwa magotini mwa lori.

"Burulkan, uko wapi?"
"Nyuma ya..." kisha upepo.
Gulzat wa Batken akasema, tumhesabu tu, nani atajua?
Nikaitazama kalamu. Nayo ikanitazama.

Sisi si kitambaa, hatuna mtande wala mshindio.
Tu zulia la bibi yangu: manyoya ya kondoo
aliyoyamwagia maji ya moto, akayaviringisha kwenye mkeka wa matete,
akatuita watoto tuyakanyage
mpaka unyoya ukaung'ang'ania unyoya usio nduguye.
Hakuna uzi. Kuna kukanyagana.

Saa tatu kasoro usiku mlango ukagongwa kwa kiatu.
Chama cha akina mama wa watoto viziwi, Naryn,
wanachama kumi na mmoja, mwakilishi mmoja.
Akasoma kifungu cha tisa bila kuvua shali.

Tukapiga kura. Mikono ishirini juu.
Wake ukabaki mapajani.
"Naryn inasema hapana.
Mita hizo kwetu zitaganda kabla ya Desemba.
Mtatutoza barafu?"

Sagynbek akacheka, kisha akaacha.
Bila yeye hapakuwa na kikao;
naye alipokuja, hapakuwa na kauli moja.
Ishirini kwa mmoja, hoja imepita,
na ule mmoja nikauandika kwa herufi zile zile, ukubwa ule ule.

Ndipo Gulzat, yule yule, akasema: Ngoja.
Barafu. Ongeza mstari.

Hadi saa saba tulikuwa tunagombania
"tunapendekeza" na "tunadai".
Burulkan hakusikia. Amelala juu ya viti vitatu,
na viatu vyake, karibu na jiko,
vinaidondosha Dolon tone kwa tone
juu ya gazeti la jana.