Milimita Thelathini na Mbili

Mwezi mzima nililala na mizinga mitatu kichwani,
na hakuna hata mmoja uliokuwa na nyuki.

Wa kwanza ni gogo. Mjomba Kapela alinipigia kutoka Sikonge:
"Chonga mti, toboa tundu, pandisha juu, sahau.
Nyuki hawajawahi kuuliza bei ya mbao."
Kweli tupu. Lakini gogo hulifungui ukachungulia;
ukitaka asali unabomoa nyumba na wenyewe wamo,
usiku, kwa moshi na mwenge.
Mimi kazi yangu ni kung'oa meno, pale Temeke,
na hata jino siling'oi bila ganzi.

Wa pili ni wa masanduku, ghorofa juu ya ghorofa,
unavyojengwa mtaa wa Kariakoo.
Ombeni, kijana wa semina, aliusifu mpaka akasahau chai yake:
fremu kumi chini, kumi juu, nta ya kutandika,
na pipa la kukamulia linalozunguka kama feni.
Nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya luku.
Ilizidi bei ya bati zote za banda la uani.
Halafu sanduku la juu likijaa, nani atalinyanyua?
Kiuno changu kina miaka hamsini na moja
na siku hizi kinaitisha vikao bila kunishirikisha.

Wa tatu umelala, mrefu, tumbo jembamba chini.
"Jeneza," alisema mwanangu Sekela.
Mimi niliona sufuria yenye vifuniko vingi:
unainua kiunzi kimoja, sega linaning'inia,
unatazama, unarudisha, wengine hawajaamka.
Huo. Huo ninaumudu.

Keko, kwa fundi Mshindo, penseli sikioni,
msindano wa Mafinga umeegemea ukuta.
"Kiunzi upana gani?"
"Milimita thelathini na mbili."
"Tuweke thelathini na tano. Tatu si kitu."
"Si kitu kwa kabati."
Nikamweleza: nyuki wetu wana tepu yao.
Ukizidisha watajenga mshazari,
watashona viunzi viwili kwa sega moja,
na siku ya kufungua ni kurarua, asali na watoto pamoja.
Akacheka mpaka penseli ikadondoka.
"Wapangaji gani hawa,
wanakagua chumba kabla hawajazaliwa?"

Nimeutundika Msongola, katikati ya mikorosho miwili,
waya umepakwa grisi, siafu wasipande,
ndani nimesugua nta na mchaichai.
Bi Mwanahawa, jirani, alikuja na neno moja tu:
"Wakimgusa mbuzi wangu, tutakutana kwa mjumbe."

Kila Jumamosi fundi anapiga.
"Wamehamia?"
"Bado."
Buibui kahamia. Mjusi kahamia, na mkewe,
hawajalipa hata kodi ya mwezi mmoja.
"Wamehamia?"
"Fundi, bado."

Jumamosi ya sita, kabla jua halijakaza,
akaja mmoja.
Akatua mlangoni. Akaingia. Akatoka. Akaingia tena,
dalali wa kwanza mji huu
asiyedai hela ya kuonyeshwa nyumba.
Nikabana sikio ubaoni. Sikusikia kitu,
nikajifanya nasikia: anatembea, kona hadi kona,
anageuka, anaanza upya.

Simu ikaita mfukoni.
Nikaifinya inyamaze.
Maana siku ile Keko, aliponikabidhi,
alisema, "Thelathini na mbili, dada, kama ulivyotaka,"
nami nilikuwa nawahi zamu,
nikalipa, nikashukuru,
tepu haikutoka kwenye mkoba.

Sasa anapima yeye.