Mafuta Yanayozama

Kila mtu ajua mafuta huelea.
Baba yangu, Ngwali Shaame wa Vitongoji,
miaka thelathini na moja kiwandani Wawi,
aliyajua mafuta yanayozama.

Nilikuwa darasa la nne,
nimempelekea muhogo na dagaa ndani ya bakuli la bati.
Akanisimamisha mbali na tanuri, mbele ya chupa kubwa ya kioo:
juu maji, yenye ukungu kama ya kuoshea mchele,
na chini, kimya, kitu cha rangi ya chai kavu.
"Haya hayajioneshi," akasema. "Ukiyataka, subiri,
kisha fungua koki ya chini."
Nikadhani anazungumzia mafuta.

Hakuwa meneja. Hakuwa bwana shamba.
Alikuwa fundi wa mvuke.
Karafuu ikishapita mzanini na watu wakahesabu pesa zao,
makonyo yaliletwa kwake kwa magunia,
naye akayapika mpaka yakatoa roho.
"Karafuu ina wenyewe," alikuwa akisema. "Makonyo yana mimi."

Alilisikiliza tanuri kama mzazi asikilizavyo kifua cha mtoto.
Usiku wa mvua, zamu si yake,
ghafla huyo kitako kitandani: "Ile valvu inalia."
Vitongoji hadi Wawi, kwa baiskeli isiyo taa.
Mama akijigeuza, akivuta shuka:
"Nenda, nenda kwa mke mwenzangu wa chuma."

Mkononi alikuwa na kovu la mvuke, pana, lenye pembe pembe.
Sisi tukisema ni ramani ya Kojani.
Yeye akisema ni bomba namba tatu.

Mama alipolazwa Chake wiki tatu,
akanisuka yeye.
Mistari ilikwenda upogo kama njia za ng'ombe.
Darasani mwalimu akasita, akavuta pumzi:
"Nani anatafuna karafuu?"
Nikanyamaza.
Kichwa changu ndicho kilichonukia vidole vya baba.

Na tone hakuiba, hata moja.
Majirani walikuja na mashavu yaliyovimba,
wakidhani kwetu kuna pipa chini ya kitanda.
"Dukani zipo," akawaambia, "chupa ndogo ndogo."
Wengine walimnunia mpaka Idi.
Lakini jino liliponikesha mimi,
alikuja na mkono asiouosha tangu zamu kuisha,
akanitia kidole cha shahada kwenye ufizi.
"Kilichogandia mkononi," akaninong'oneza,
"serikali haikiandiki."

Amekufa Jumatano, katikati ya mavuno.
Tukakunja majamvi ya jirani, na karafuu zao bado mbichi,
ili jeneza lipate njia.
Mimi mwanamke, sikuingia alipooshwa.
Nilisimama nje ya pazia nikisikia maji,
nikamsikia mwosha akiuliza, karafuu maiti iko wapi,
nikacheka, Mungu anisamehe.
Jina gani hilo kuipa kafuri
mbele ya mtu yule!

Kaka yangu Mbarouk akatoka, mikono ya shati imelowa.
Hakusema neno.
Akafunua kiganja, akakileta puani pangu.
Miaka sita baba amestaafu.
Maji mara tatu, sabuni, majani ya mkunazi,
na bado.

Hakuwahi kutuambia kwamba anatupenda.
Niliwahi kumlaumu kwa hilo, kwa barua,
nikiwa chuoni Unguja na kichwa changu kikubwa.
Hakujibu. Alituma ada,
na soksi mbili za baridi, sijui nani alimwambia Unguja kuna baridi.

Juzi nimenunua chupa ndogo. Dukani, baba, na risiti ninayo.
Nimedondosha matone matatu kwenye bilauri ya maji.
Mwanangu akaegemeza kidevu mezani:
"Mama, yataelea."
Nikamwambia, subiri.